Vioo vya Nchi ya Vumbi

Mpe mtu brashi na kioo kichafu, uone. Atakandamiza. Uchafu ukigoma atakandamiza zaidi, mpaka nyuzi zilale ubavu na mpini uanze kulia. Mkono huo tumeuzoea kwenye masufuria: masizi yanataka mchanga, jivu na nguvu, na tangu utotoni tulisifiwa kwa nguvu. Kioo kina masharti mengine. Brashi husafisha kwa ncha za nyuzi zake. Ukiilaza, ncha zinaondoka kwenye kioo, na kinachobaki kusugua ni mgongo wa uzi, ambao hauingii kwenye kona wala hauchimbui kitu. Aliyekandamiza ametoka jasho, brashi yake haijaanza kazi.

Hasara haiishii kwenye jasho. Miamba ya nyanda za juu za Mbulu, kaskazini mwa Tanzania, ni mikongwe, na mchanga unaotokana na miamba ya namna hiyo una chembe za kwatzi, zile zinazometameta juani ukichota udongo mkononi. Mwaka 1812 Mjerumani Friedrich Mohs alipanga mawe kwa ugumu, kila moja likikwaruza lililo chini yake. Kwa kipimo chake kwatzi ni 7, na kioo cha dirisha hakifiki hapo. Kinakaa karibu na 5.5. Kwa hiyo anayefuta vumbi kavu kwa tambara na nguvu anakipiga kioo msasa. Michirizi yake haionekani siku hiyo. Itaonekana baada ya miaka, saa kumi na moja jioni, jua likiingia kwa pembeni, na mwenye nyumba atalaumu duka lililomuuzia kioo.

Vumbi la Mbulu na Hanang halihitaji kutambulishwa kwa mtu aliyewahi kupita huko kati ya Juni na Oktoba. Linaingia chini ya mlango, linakaa kwenye kope, linaganda kwenye nyavu za madirisha hadi nyavu zikageuka kuwa ukuta. Watu hulichukulia kama hali ya hewa tu, kama baridi ya Julai. Lakini vumbi nalo lina historia yake, na sehemu ya historia hiyo imeandikwa mahakamani.

Kwenye nyanda za Basotu, upande wa magharibi wa Mlima Hanang, Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, lililima ngano kwa msaada wa Kanada katika miaka ya 1970 na 1980. Yalikuwa mashamba makubwa saba, jumla yake ikikaribia ekari 100,000. Kabla ya matrekta, pale palikuwa malisho ya Wabarabaig. Wanakijiji wa Mulbadaw waliishtaki NAFCO na kushinda Mahakama Kuu. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikautengua ushindi huo. Charles Lane aliandika kitabu kizima juu ya malisho hayo, *Pastures Lost*, kilichotoka mwaka 1996. Mimi nina neno dogo la kuongeza, la mtu anayetazama madirisha: majani yanashika udongo, na jembe la trekta linauachia. Sidai kwamba kila chembe iliyo kwenye kioo cha mjini Katesh ilitoka shambani. Upepo hauandiki anwani. Ila pepo za kiangazi kwa kawaida huvuma kutoka kusini-mashariki, na ukisimama Basotu ukageuka upande unakoelekea upepo huo, mbele yako, si mbali sana, iko Haydom. Haydom kuna hospitali.

Hospitali hiyo ilifunguliwa mwaka 1955 na misheni ya Kilutheri kutoka Norwe, mahali ambapo wakati huo barabara yenyewe ilikuwa ya kubahatisha. Florence Nightingale, katika kitabu chake cha uuguzi cha mwaka 1859, alitaja mambo matano yanayoifanya nyumba iwe ya afya: hewa safi, maji safi, mifereji inayopitisha, usafi, na mwanga. Mtu anayesafisha dirisha la wodi yoyote anashughulikia mawili kati ya hayo kwa mkupuo mmoja. Akihakikisha na bawaba hazijakwama, matatu. Sijui kazi nyingine ya ndoo na brashi yenye faida kama hiyo, na bado katika orodha ya vyeo vya hospitali, shule au halmashauri, anayeifanya kazi hii utamkuta mwisho kabisa, kama ameorodheshwa.

Kioo chenyewe ni mgeni wa juzi huku. Nyumba ya asili ya Wairaqw, wenyeji wa Mbulu, hasa kule Kainam, ilichimbwa nusu ndani ya mteremko, paa lake bapa la udongo likiungana karibu na ardhi upande wa juu, hata mgeni angeweza kuikaribia asijue ameifikia. Mwanga uliingia mlangoni. Joto la watu, la moto na la mifugo lilibaki ndani, na upepo wa mlimani ukapita juu kwa juu. Wapo wanaoieleza nyumba ile kama ya watu waliokosa madirisha. Naona ni heri kusema walijua bei yake. Dirisha ni tundu ukutani linalohitaji kuhudumiwa maisha yake yote, na ukiliwekea kioo umeajiri mtu, iwe utamlipa au utamtuma tu.

Mara nyingi tunamtuma. Shuleni wanaotumwa ni wanafunzi. Wengi tuliosoma shule za serikali tunaijua ile amri ya kuja na dumu la maji asubuhi, maji ambayo humwagwa kwenye sakafu ya darasa na, siku ya ugeni, kwenye vioo. Nchi nzima ilipewa brashi na fagio tarehe 9 Desemba 2015, Rais Magufuli alipofuta gwaride la Uhuru na kuamuru siku itumike kwa usafi. Mitaro ilizibuliwa, masoko yakafagiliwa. Vioo havikuwa na bahati hiyo, na haishangazi: taka za mtaroni kila mtu anaziona, lakini kioo kichafu mtu hukizoea, akadhani nje kuna mawingu.

Sasa kazi yenyewe. Huanza kabla ya maji, kwa brashi laini na kavu, na haianzii kwenye kioo. Inaanzia juu: kwenye ukingo wa bati, kwenye fremu, kwenye nyavu, kwenye nondo za grili. Vumbi la hapo likiachwa litashuka lenyewe maji yatakapolifikia, nawe utasafisha kioo mara mbili. Lile fagio refu la kutolea utando wa buibui linafaa kwa hatua hii na hii peke yake. Ukilipitisha kwenye kioo kikavu umerudi kwenye msasa wa Bwana Mohs. Kisha unalowesha, na ukishalowesha unasubiri. Hapa ndipo wasafishaji wengi wanaposhindwa, kwa sababu kusubiri kunaonekana kama uvivu, hasa msimamizi akiwa anatazama. Lakini tope la vumbi lililopigwa na umande likakauka, likapigwa tena na tena mwezi mzima, haliachii kwa sekunde mbili. Acha maji yaingie chini yake. Mafundi wanaoijua kazi hulowesha dirisha la pili wakati la kwanza linalainika, halafu wanarudi.

Brashi inayofuata iwe na nyuzi ndefu, laini, na iguse kioo kwa uzito wake yenyewe. Mkono unaongoza tu. Kwenye kinyesi cha ndege na kwenye kona, miduara midogo; ukingoni, pale kioo kinapoingia kwenye fremu, brashi ifuate mstari wa ukingo na isiukate, maana uchafu uliojificha hapo ndio utakaotiririka baada ya wewe kufungasha vyombo. Katikati ya kioo, mivuto mirefu ya juu kwenda chini, kila mmoja ukipanda kidogo juu ya mwenzake. Wakati wote nyuzi ziwe zimelowa. Brashi inayoanza kukauka inasukuma uchafu badala ya kuuelesha. Kwa kweli brashi haiondoi kitu chochote kwenye dirisha. Inabandua tu. Anayeondoa ni maji, na hapo ndipo mbinu zilizoandikwa ughaibuni zinapoanza kupwaya Hanang.

Huko Ulaya na Marekani biashara hii imepita hatua mbili. Ya kwanza ilikuwa ya raba ya kuvutia maji. Ettore Steccone, Mwitalia aliyehamia Oakland, California, alisajili mwaka 1936 kifaa chake cha shaba chepesi chenye ulimi wa raba, na umbo lake halijabadilika sana hadi leo: unavuta, unafuta ulimi, unavuta tena. Ya pili ni ya mpini mrefu unaopitisha maji hadi kwenye brashi, fundi akiwa amesimama chini bila ngazi. Maji ya mpini huo huchujwa hadi yasibaki na madini yoyote ya maana, kwa hiyo yanaachwa yakauke yenyewe kwenye kioo na hayaachi doa. Ni mbinu nzuri sana. Pia hula kati ya lita moja na tatu kwa dakika, kutegemea bomba. Piga hesabu: saa moja ya kazi ni madumu matatu hadi tisa ya lita 20. Katika kijiji ambacho maji yanafika kwa punda, hakuna mama atakayekubali kuona madumu tisa yakitiririka ukutani ili sebule ipendeze, na hana sababu ya kukubali.

Tena maji yenyewe yanayoletwa na punda mara nyingi hayafai kwa kazi hii. Chini ya Hanang liko Ziwa Balangida, la magadi, ambalo kiangazi likipungua huacha ardhi nyeupe kwa chumvi. Mlima wenyewe ni volkano iliyozimika, na visima vingi vya ukanda huu wa Bonde la Ufa vina madini mengi, floridi ikiwamo, ile inayoyatia meno rangi ya kahawia tangu utotoni. Floridi haionekani dirishani. Wenzake wanaonekana: maji ya kisima yakikauka kwenye kioo yanaacha duara jeupe kwa kila tone. Ukiongeza sabuni ya mche mambo yanaharibika zaidi, kwani chokaa ya maji na sabuni hiyo hushikana na kufanya utando wa maziwa. Sabuni ya maji kidogo, matone mawili matatu kwa ndoo, ina nafuu. Madoa ya zamani hulegea kwa siki au ndimu, kisha yasuuzwe haraka. Lakini huo ni ukarabati. Swali ni maji gani ya kumalizia.

Jibu liko juu ya bati. Maji ya mvua hayajapita ardhini, hayajaonja mwamba, na kwa kioo yanakaribia sana yale maji ambayo Mzungu anayatengeneza kwa mashine. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Bati la mita 60 za mraba likipata milimita 10 linakusanya lita 600, pungufu ya zile zinazoruka na za mwanzo ambazo lazima uziache ziende, kwani zinashuka na vumbi la miezi mitano. Mbulu, kwa kuwa juu, ina mvua ya kutosha kujaza simtanki zaidi ya mara moja kwa msimu. Shida ni kwamba simtanki likishajaa kila mtu ana hoja nalo, na kioo ndicho chenye hoja dhaifu kuliko zote.

Ndiyo maana naamini mbinu ya huku lazima iwe ya ndoo mbili. Ya kwanza, maji ya kisima na sabuni kidogo, ndiyo ya kulowesha na kubandulia. Haijalishi yana chumvi kiasi gani, hayatapewa nafasi ya kukauka. Ya pili ni maji ya mvua, na hiyo inahesabiwa kwa vikombe. Kioo kikishabanduliwa, vuta maji machafu kwa raba, kisha pitisha ya mvua kutoka juu na uvute tena. Afadhali kuliko kopo ni bomba la mgongoni la kupulizia dawa shambani, ambalo kila duka la pembejeo linaliuza: linatoa maji membamba kwa nguvu, na lita chache zinasuuza nyumba nzima. Ila liwe jipya, la kazi hiyo tu. Lililokwisha kubeba dawa ya magugu lisikaribie dirisha ambalo mtoto hulamba akitazama nje, na watoto hulamba madirisha.

Saa nayo ni kifaa. Mchana wa Hanang una jua na upepo pamoja, na kioo chenye joto hukausha maji kabla raba haijafika katikati. Asubuhi, kabla upepo haujaamka, kioo bado kina unyevu wa usiku na umande umeshakusaidia nusu ya kulowesha. Wakulima wanaelewa jambo hili bila kuelezwa.

Aina ya dirisha inabadili mkono. Majengo mengi ya zamani ya umma yana luva, vile vipande vya kioo vilivyopangwa kama ngazi, na hapo raba haina kazi kabisa. Luva zinataka brashi nyembamba: unazifungua nusu, mkono mmoja unashikilia kipande kwa nyuma kisichomoke, mwingine unapitisha brashi juu na chini yake, na unashuka kipande kwa kipande. Mwisho wa kila kipande, pale bati dogo linapokibana, vumbi limekaa pengine tangu jengo lizinduliwe. Siku hizi mafundi wa alumini wa Katesh, Haydom na Mbulu mjini wanajenga madirisha ya kuteleza, wengi wakipenda kioo cha rangi kinachorudisha taswira. Kioo cha namna hiyo hakitaki wembe wala steliwaya, maana tabaka lake la kung'aa likichubuka halirudi. Shida yake kubwa iko chini, kwenye reli. Vumbi la reli likikutana na maji ya kwanza ya mvua linakuwa saruji ya kienyeji, na dirisha haliendi mbele wala nyuma. Dawa yake ni mswaki uliochakaa, kavu kwanza, maji baadaye. Na nondo za grili zikiwa nje ya kioo, kama zilivyo kwenye nyumba nyingi, sahau mivuto mirefu ya vitabuni: unaingiza brashi ndogo kati ya nondo na nondo, unasafisha kioo kwa viraka, unaomba viraka vikutane.

Gazeti je? Lilitusaidia sana. Karatasi yake haiachi nyuzi, inakausha vizuri, na kioo kikishasafishwa kwa maji linang'arisha kuliko matambara mengi. Kosa lilikuwa kuanza nalo, kavu kwa kavu. Lakini mjadala huo unaelekea kwisha wenyewe, kwani habari sasa zinasomwa kwenye simu, na simu haifuti dirisha.

Halafu kuna tope. Desemba 3, 2023, mvua kubwa iliporomosha tope, mawe na magogo kutoka Mlima Hanang, mlima wenye zaidi ya mita 3,400, hadi Katesh, Gendabi na vijiji vya jirani. Zaidi ya watu 80 walikufa. Serikali baadaye iliwajengea manusura nyumba mpya Waret, jina ambalo liliwahi kuwa la shamba mojawapo la ngano. Siku zile kazi ilikuwa ya makoleo na mitambo, na kuongea juu ya brashi kungekuwa utovu wa adabu. Lakini nyumba zilizobaki zimesimama zilikuwa na tope ndani, na mtu aliyerudi kwake alipaswa aanzie mahali. Tope kavu la mlimani kwenye kioo halikwanguliwi. Linafunikwa kwa tambara lililolowa, linaachwa, linaloweshwa tena, na linashuka lenyewe vipande vipande, polepole. Anayekwangua kwa hasira, na hasira ilikuwa haki yake, anabaki na kioo ambacho kitamwonyesha mistari ya siku ile kila jua likichomoza.

Kuna kioo kingine ambacho sasa kiko karibu kila kitongoji, hata penye nyumba isiyo na dirisha la kioo hata moja: paneli ya sola juu ya bati. Nacho kinakula vumbi lile lile, na hasara yake inapimika, kwani taa inazimika mapema na simu haijai. Sheria za mkono ni zile zile, mkono mwepesi, nyuzi laini, maji kwanza, na ziongezwe mbili: usipande kabla hujajua bati linakubeba, na usimwage maji baridi kwenye paneli iliyochomwa na jua la saa saba, maana kioo chenye joto kikipigwa baridi kinaweza kupasuka. Fanya alfajiri. Doa la chokaa kwenye paneli halimwudhi mtu kama la dirishani, kwa hiyo hapo ningetumia maji ya kisima, nikapangusa kabla hayajakauka. Ya simtanki ningeyatunzia madirisha, ingawa najua wenye nyumba wengi watayachukua wapikie chai, kwa kuwa nayo hutoka nzuri zaidi kwa maji ya mvua.